Mbele Uchokozi, Nyuma Dawa

Jumatatu, 4 Machi

Mkasi kanitoa kwenye kesi ya daraja. Daraja limeanguka, mkandarasi yuko kizimbani, hukumu iko mlangoni – na mimi napewa fulana za watoto wachanga. Zile zenye maneno ya mzaha kifuani. Je, zinachekesha au hazina adabu? Hilo ndilo swali la taifa wiki hii. Ukurasa wa familia, Alhamisi.

Mkasi ni mhariri wangu. Jina alilipata kwa sababu hajawahi kuona aya asiikate. "Shangazi," kaniambia, "watu wamechoka na madaraja. Wanataka kucheka." Nikamuuliza kama na waliokuwa juu ya daraja walichoka. Akashika simu yake kama inayolia. Haikuwa inalia.

Chumba kizima cha habari kikaangua kicheko. Mwandishi wa michezo akasema nimepewa kazi ya rika langu, si ninangoja mjukuu? Ni kweli namngoja. Mkwe wangu juzi kanitumia picha ya fulana waliyokwisha kununua: "Bibi ndiye benki yangu." Nilitabasamu. Sikucheka. Nilitabasamu.

Faili la daraja nimelifungia kwenye droo. Ufunguo ninao mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanzia kwa anayezichapa. Kibanda chembamba nyuma ya duka la vyombo, mashine moja ya kubana kwa joto, rundo la fulana nyeupe zile zenye vifungo katikati ya miguu. Joto la humo ni la kuivishia mkate. Mchapaji ni mtu wa maneno mengi, mikono yake haisimami akiongea. Analaza fulana, analaza karatasi yenye maandishi, anabana, anangoja, anabandua. Kila akibandua anaisoma kwa sauti kana kwamba hajawahi kuiona.

"Bosi mpya kafika, wa zamani akafue nguo." "Usinibusu, sijui umetoka wapi." "Mimi ni matokeo ya umeme kukatika." Hiyo ya umeme ilinishinda. Nilicheka mpaka akanipa kiti.

Inayouzika kuliko zote? Akainyanyua: "Nafanana na jirani."

Nikamuuliza ni nani wanaonunua hiyo. Akasema wanaume, mama, wanaume tupu! Akina baba wenyewe, na wajomba. Mwanamke akiishika anaisoma, anacheka kidogo, anairudisha mahali pake. Nikasema basi huoni kwamba anayechekwa hapo si mtoto wala jirani? Akasema anaona, lakini yeye haandiki mioyo ya watu, anaandika fulana.

Kisha akaniambia jambo nililolipenda. Wateja wengine wanataka maneno mgongoni pia. "Mbele uchokozi, nyuma dawa. Unamchoma mtu, halafu unamgeuza mtoto, unampoza." Nikamuuliza mwanawe anavaa ipi. "Wangu anavaa zilizoharibika." Alikuwa na moja hapo, maandishi yamelala kichwa chini. Mtoto, alisema, yeye kwa upande wake anaisoma vizuri tu.

Kutoka hapo, kliniki. Nesi wa chanjo hana maoni kuhusu maneno, ana maoni kuhusu vifungo. Fulana isiyofunguka pajani inamchelewesha foleni nzima. "Waandike hata kitabu kizima, mradi niufikie mguu." Bibi mmoja kwenye benchi alisikia, akaingilia: mtoto hajui kusoma, hajui kukataa, na nyie mmemfanya ubao wa matangazo! Mjukuu wake mwenyewe alikuwa kavaa "Nalala mchana, nakesha kwa makusudi." Nilipomwonyesha kwa kidole alisema hiyo ni tofauti, hiyo ni kweli.

Hapo kuna stori kubwa kuliko nilivyotegemea. Sitamwambia Mkasi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika, nimepeleka. Nimeegemea hapa: mzaha juu ya usingizi, umeme na bosi ni wa wote, kila anayesoma anajiona. Mzaha wa jirani una mtu mmoja tu wa kuulipia, na hata hakuulizwa. Nimemaliza na fulana ya kichwa chini.

Mkasi kaikata fulana ya kichwa chini.

Picha nimeagiza ya fulana zikiwa zimetundikwa kibandani. Mpigapicha wetu, Jicho, alikwenda jana mchana akaleta tatu.

Alhamisi, 7 Machi

Imetoka. Na picha si ya kibandani.

Ni mwanamke kijana kwenye benchi la kliniki, uso nusu lakini unatambulika kabisa, mtoto mapajani, fulana imenyooka utadhani imepigwa pasi kwa ajili ya kamera: NAFANANA NA JIRANI. Chini yake: "Utani au matusi? Mama na mwanawe."

Nilisimama na gazeti mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

Aliyepanga ukurasa anasema za kibandani zilikuwa na giza, akatafuta kwenye hifadhi ya picha neno "mtoto" na "fulana", ikaja hii. Jicho aliipiga miezi michache nyuma kwa stori ya chanjo. Mama aliombwa ruhusa, akaitoa – kwa chanjo. Kwetu picha ikishaingia kwenye hifadhi inakuwa kama kijiko cha jikoni, kila mtu anachovya. Ndivyo tunavyofanya kazi siku zote na hakuna anayeuliza kijiko kilitoka sufuria gani.

Nikaenda kwa Mkasi. Yule mama aliruhusu sindano, nikamwambia, hakuruhusu jirani. Akasema fulana si alivaa mtoto wake mwenyewe? Tulimvisha sisi? Na zaidi, hakuna aliyelalamika.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Watu walikuwa hawajamaliza chai.

Ijumaa, 8 Machi

Kalalamika.

Alikaa mapokezi tangu ofisi ilipofunguliwa, mtoto mgongoni, gazeti limekunjwa ndani ya mfuko. Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Aliuliza kwa adabu ni nani aliyeandika, nikasema mimi, akasema, "Basi dada, nisaidie."

Nimeyaandika aliyosema, kama ninavyoandika ya mtu yeyote:

Mumewe ni fundi wa mitambo kwenye mgodi wa mbali, hurudi kila baada ya miezi kadhaa. Yeye anaishi na mama mkwe, nyumba moja, jiko moja. Fulana aliileta mume mwenyewe, likizo aliyokuja kumwona mtoto. Aliichapisha makusudi, mbele na nyuma. Mbele ndiyo hiyo tuliyoitoa. Nyuma: "Lakini kukoroma ni kwa baba." Walicheka wote wawili hadi mtoto akaamka. Ndani ya nyumba haikuvaliwa mbele ya mkwe hata mara moja. Siku ya chanjo fulana hiyo ndiyo iliyokuwa safi, akamvisha, akamfunika na shali. Nesi alimfunua, na ndipo kamera ilipofika.

Jana jioni mkwe alipewa gazeti na shemeji yake. Mkwe anasoma, tena anasoma polepole. Alisoma, akavua miwani, akasema: basi mmeona nyie wenyewe, nilikuwa nanyamaza. Maana mume alikuwa safarini mimba ilipojulikana, na kuna watu walikuwa na hesabu zao tayari. Fulana haijawapa wazo. Imewapa ushahidi.

Na jirani yupo kweli! Mzee wa kutengeneza redio, hana mke. Tangu jana amefunga dirisha lake la upande ule. Kujificha kwake nako kumehesabiwa.

Kikao cha familia ni Jumanne. Wakikubaliana, anarudishwa kwao. Mtoto je? Hapo alirekebisha mkanda wa mbeleko usiokuwa na kosa lolote.

Anataka kitu kimoja. Tuandike kwamba fulana aliinunua baba wa mtoto na kwamba ina maneno nyuma. "Mmeonyesha nusu ya mzaha," alisema. "Nusu iliyobaki ndiyo nyumba yangu."

Mume anasemaje? Tangu jana anapokea simu ya mama yake. Ya mkewe inaita mpaka inakata.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzima nimegombania mistari minne.

Gazeti letu lina kanuni ya masahihisho. Ukurasa wa pili, chini, herufi ndogo, na sahihisho halirudii kosa. Sababu ni nzuri: ukimwita mtu mwizi kimakosa, hutakiwi kuandika "mwizi" tena ili kukanusha. Nimeitetea kanuni hii miaka yote. Leo imenikalia kooni.

Niliandika: picha ilipigwa kwa habari nyingine, mama hakuombwa ruhusa ya kuitumia tena, fulana ni zawadi ya baba wa mtoto, ina maneno ya upande wa pili ambayo hatukuyaonyesha. Mkasi kasema hapo nimerudia kosa lote na kuongeza mengine. Wakili wa gazeti kasema vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Wamepunguza mpaka ikabaki hivi:

"Picha iliyotumika ukurasa wa familia toleo la Alhamisi ilitumika kimakosa. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Nikawaambia hii haimsahihishi mtu, inamfunika. Mkasi akasema Shangazi, wewe ndiye uliyetufundisha kanuni. Ni kweli. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 10 Machi

Sahihisho limetoka. Kabla ya saa sita, meseji ya yule mama:

"Dada wanasema hata gazeti limeona aibu limeikana picha. Mama anasema gazeti haliombi radhi bure. Mmeniongezea."

Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nikapiga simu mgodini. Nilijitambulisha kikamilifu, jina, kazi, gazeti. Mume anaongea vizuri, sauti ya mtu mchangamfu. Nikamuuliza fulana ilinunuliwa na nani. Akacheka – alicheka! – akasema mimi, si ilikuwa utani wetu! Alisimulia mpaka mchapaji alivyomuuliza kama ana hakika, na yeye akasema weka na ya mgongoni, mke wangu ananiita jenereta. Kwa sekunde hizo chache nilimpenda. Ni mtu aliyetaka kumchekesha mkewe aliyekuwa hajalala wiki nzima.

Nikasema vizuri sana, basi mweleze mama yako kabla ya Jumanne.

Kicheko kikaisha. Mama yangu si mtu wa utani, akasema. Akijua mimi ndiye niliyemwandika mwanangu maneno yale, na lile gazeti likafika mpaka kanisani, nitaonekana mpumbavu. Watasema nimemdhalilisha mtoto wa ukoo. Ngoja nirudi, mambo yatapoa yenyewe. Nikamwambia mkeo hatakuwepo ukirudi. Akasema mama wee, usiniandike. Haya tuliyoongea, usiniandike.

Nilimwambia ukweli: ameshasema, na alijua anaongea na nani. Akakata.

Zamani nilidhani mzaha mbaya unatoka kwa mtu mbaya. Ingekuwa stori rahisi.

Jumatatu, 11 Machi

Nilifanya kosa la kumweleza Mkasi. Macho yakamwaka. "Hiyo ndiyo stori yenyewe! Fulana yavunja ndoa!" Anataka ukurasa mzima, mke, mume, mkwe, na picha mpya ya mtoto na fulana, mara hii mbele na nyuma. Hapo maneno ya mgongoni yatatoka kwa herufi kubwa, kasema, kanuni ya masahihisho haihusiki maana hii ni habari. Mistari minne hana. Ukurasa mzima anao.

Ilinibidi nimpelekee mama mwenyewe, uamuzi si wangu. Nilimkuta kliniki, kwenye benchi lilelile. Mtoto kavaa nyeupe isiyo na neno. Nikamweleza anachotaka mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani niingie tena gazetini ili nitoke gazetini?"

Nikakubali kwamba ndivyo.

Akasema hapana. Akasema njoo wewe, kesho, kwenye kikao. Useme kwa mdomo wako. Nikamwambia siwezi kuyatoa maneno ya mumewe, aliniomba, na ingawa nilimbishia kwenye simu, sivunji ombi la anayenipa habari. Naweza kusema habari za picha tu, ilipigwa lini, kwa nini, na imeonyesha nini. "Na wewe unamstahi," akasema. Si kwa hasira. Kama mtu anayehesabu waliobaki upande wake na kukuta vidole vimepungua.

Nikasema sikumstahi, hiyo ni kazi. Ilisikika vibaya hata masikioni mwangu.

Fulana yenyewe haipo, mkwe kaichukua na kuifungia bila hata kuigeuza. Nikaenda kwa Jicho. Jicho huwa anapiga nyingi. Tulikaa kwenye kompyuta tukapitia siku ile ya chanjo, na hii hapa: baada ya sindano, mtoto analia begani, mama anampigapiga, mgongo wote kwenye kamera. LAKINI KUKOROMA NI KWA BABA. Herufi zinasomeka hata ukisimama mlangoni.

Ilikuwa humohumo kwenye hifadhi, picha ya tatu kutoka ile tuliyotumia. Aliyepanga ukurasa hakushuka chini.

Jicho kaichapa kwenye karatasi nzuri, hakuniuliza ya nini. Mkasi alipita, akaiona, akasema, "Kumbe inachekesha kweli!" Nikaitia kwenye bahasha.

Jumanne, 12 Machi

Naandika nikiwa ukumbini kwa mama mkwe, kwenye benchi la viatu. Nimetolewa nje.

Niliruhusiwa kuingia mwanzoni. Sebule ndogo, makochi yamesukumwa ukutani, watu wazima saba au wanane. Mama mkwe ni mwembamba kuliko nilivyomfikiria, kitambaa cheupe kichwani, miwani imening'inia kwenye uzi. Mama mtoto kakaa kwenye stuli karibu na mlango. Mahali pa mgeni. Simu iko katikati ya meza, spika imefunguliwa, mume yuko upande wa pili na kelele za mitambo nyuma yake.

Nikasema nilichoruhusiwa kusema. Picha ilipigwa kwa ajili ya chanjo. Mama hakujua itatumika tena. Sahihisho letu lilikuwa fupi kuliko haki. Shemeji mmoja akaniuliza kama gazeti limenilipa nije kusema hayo. Nikasema gazeti halijui niko hapa. Mwingine akasema huyu dada naye anafanana na jirani, wakacheka wawili watatu. Bado wanaucheka! Mzaha uleule uliowaleta kikaoni.

Nikatoa picha. Mama mkwe akavaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akarudia. Akaiweka mezani kando ya simu, akainyoosha kwa kiganja ingawa haikuwa imejikunja.

"Mwanangu anakoroma kweli," akasema, kama anazungumza na picha.

Kisha akanigeukia. "Asante, dada. Sasa tupishe, ni mambo ya nyumba." Nikatoka. Mlango haukufungwa sawasawa, kitasa chake kibovu. Kwa hiyo nasikia, na sehemu ya meza naiona.

Mama mkwe kauliza: "Baba, hii nguo uliinunua wewe?"

Kwenye simu, mitambo tu.

Shemeji kasema labda mtandao. Mama mkwe kasema nyamaza. Kauliza tena, vilevile, wala hakupandisha sauti.

Mume: "Mama, ule ulikuwa utani tu."

"Sijauliza ulikuwa nini. Nimeuliza wa nani."

Mume: "Mambo ya watu wawili, mama. Huwezi kuelewa."

"Haya. Nieleweshe. Niko na miwani yangu hapa. Nichekeshe, nami nicheke."

Akaanza. "Ilikuwa hivi, mama..." Akaanza upya. "Watu huwa wanasema..." Akaishia hapo.

Si mtandao. Skrini ya simu inawaka, naiona kutoka hapa, dakika zinaendelea kusogea. Yupo. Anasikia kila kitu.

Hakuna anayecheka sasa, hata wale wawili watatu.

Mama mtoto kasimama. Kamchukua mtoto kutoka kwa wifi yake, kamweka begani, kampigapiga mgongoni kama kwenye picha. Kutoka kwenye stuli ile, hatua ya kwanza kwenda kwenye simu na hatua ya kwanza kwenda mlangoni ni moja.

Hatua hiyo keshaipiga.